Ioshwe Kwanza

Ulikuwa mwaka wa ndengu. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, lakini ndengu, sijui zilikunywa nini, zilizaa mpaka tukazichukia. Asubuhi ndengu, mchana ndengu, jioni tunazibadilisha sufuria tunajidanganya ni chakula kingine. Watoto walilia muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda, kama watoto wa siku hizi wanavyolilia simu. Ukitaka tarehe ya mwaka ule, uliza mtu mwingine. Mimi nahesabu kwa tumbo, na tumbo langu halijawahi kunidanganya.

Mwaka huo ndio nilizuiwa kwenye lango la mwalimu, mbele ya wanawake kumi na mmoja.

Mwalimu huyu hakufundisha watoto. Alitufundisha sisi watu wazima, alasiri mara mbili kwa wiki, nyuma ya kanisa, darasa lile tunaloliita ngumbaru. Hakuwa Mkamba. Alitoka upande wa mlimani, na Kikamba chake kilikuwa kibaya tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo na sisi aliongea Kiswahili. Nani alimleta huku Tawa, aliolewaje, baba yake ni nani, sitasema. Hayo ni yake. Mimi nasema nilichokiona kwa macho haya.

Niliona kijiko. Kijiko cha chuma, cha kulia, kilichopinda shingo, kilikaa kwenye mfuko wa gauni lake kila siku ya Mungu. Hata kanisani. Mchungaji akiomba ile sala yake ndefu, inayopita Yerusalemu na Nairobi kabla ya kufika kwa wagonjwa wetu, mwalimu alifungua jicho moja akaangalia mlangoni kama kuna ndago imeota kwenye ufa wa simenti. Ikiwepo, sala ikiisha yeye ameshainama. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, hata nyumbani mwa Bwana?" Akasema, "Bwana alitoa mtu bustanini, Mama Mwende. Ndago aliiacha. Hiyo kazi alituachia sisi."

Kwa yule asiyeijua ndago, nitaeleza, na ashukuru kwamba haijui. Juu ni jani tu, jembamba, linang'aa, ukiliona unadhani ni chakula cha mbuzi. Ukilivuta linakatika vizuri, unafurahi, unatupa. Kumbe chini kuna kikonyo, na mwisho wa kikonyo kuna kijipu cheusi kama choroko kubwa, na kwenye kile kijipu kuna uzi unaokwenda kwa kijipu kingine, na kingine, mpaka kwa jirani. Wewe umekata nywele, kichwa kiko pale pale. Tena ukikata ule uzi kwa jembe, vijipu vilivyokuwa vimelala vinaamka vyote, kila kimoja kinatoa jani lake. Ulikuwa na adui mmoja, sasa una familia yake nzima.

Hayo siku zile sikuyajua. Nililima, nikakatakata, nikazitupa juu ya ukingo wa fanya-juu, lile tuta la kuzuia udongo, kama tulivyofundishwa na mama zetu, mvua ikija inazirudisha zote chini. Kisha nikaona niwe mjanja, nikaomba ng'ombe wa plau. Plau ilipita mara mbili. Msimu uliofuata shamba langu la chini lilikuwa la kijani hata bila mvua. Watu wa barabarani wakadhani nimepanda mpunga.

Sasa lile lango. Sisi tuna mwethya, kikundi cha wanawake. Leo tunalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na hakuna anayebaki peke yake na jembe. Ilikuwa zamu ya mwalimu. Tukaenda tukiimba, mimi mbele kwa sababu mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Sauti yangu inajulikana. Nikiita mbuzi wangu, mbuzi wa watu pia wanakuja. Yeye sauti yake ilikuwa ndogo. Usidhani ni unyenyekevu. Yule alikuwa mgumu kama mpini wa shoka. Ilikuwa ndogo tu, kama redio inayoishiwa betri. Darasani sote tulibanana benchi la mbele, na bado tulisikia nusu.

Alikuwa amesimama langoni. Miguuni pake kulikuwa na beseni la maji, kijiti na kipande cha gunia. Mimi nimebeba jembe begani, jembe la mama mkwe wangu, marehemu. Nyuma yangu wanaimba bado. Mwalimu akaninyooshea kidevu, akasema kwa ile sauti yake. Mimi nikasikia hivi:

"Hapana. Aoshwe kwanza ama arudi alikotoka."

Wewe mwenyewe fikiria. Mimi nilizaliwa upande wa Kitui, karibu na Tulia, nikaletwa Makueni na ndoa, na hakuna siku mtu wa huku alinikumbusha. Sasa mgeni wa mlimani ananiambia nioshwe kama maiti, ama nirudi kwetu! Tena huku kwetu mtu akikukataza kuingia shambani mwake na kukuonyesha maji, amesema jambo kubwa bila kulitaja. Amesema una kitu umebeba. Amesema wewe ni wa dawa za usiku.

Wenzangu wakaniuliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Nikawaambia. Na mimi nikisema, nasema.

Mwethya nzima ikageuka, na mimi darasa nikaliacha. Mwaka ule wa ndengu mwalimu alilima peke yake, na maji ya beseni yakasemwa sokoni mpaka yakawa ziwa: eti watu wanachimba mchanga wa mto kutafuta kikombe kimoja, na yeye anataka kuogesha watu langoni. Hakuna aliyejua kwamba yale yalikuwa maji ya kuoshea vyombo, yaliyotumika mara mbili, na kwamba baada ya kuosha majembe aliyachuja kwenye gunia akamwagia mpapai. Mimi pia sikujua. Lakini kutojua hakukunifunga mdomo.

Na hapa niseme ubaya wangu wenyewe, nisije nikaonekana mtakatifu kwa kuandika. Mwaka uliofuata kulikuwa na mazishi. Tulipokuwa tunasubiri jeneza, nilimwona mwalimu akiinama penye lundo la udongo wa kaburi, akatoa kijiko, akachokoa, akatia kitu mfukoni. Nilijua ni ndago. Nilikiona kile kijipu kwa macho yangu, na uzi wake. Lakini nilikuwa na ule uchungu wa langoni. Jioni nikamwambia mama mmoja pale sokoni, "Mwalimu amechukua udongo wa kaburi." Maneno hayo tu. Huku ukisema hivyo huhitaji kuongeza. Darasa la ngumbaru lilikuwa na watu ishirini. Wiki mbili baadaye walikuwa wanne.

Hakuuliza ni nani alisema. Aliendelea kuja na chaki yake, akifundisha wale wanne kana kwamba benchi zimejaa.

Kilichonirudisha kwake ni barua. Binti yangu Mwende alikuwa ameandikwa kazi mbali, akaniandikia, na mimi barua naishika kama bahasha ya dawa, sijui juu ni wapi. Nikampelekea jirani anisomee. Yule mama akasoma kwanza kimya, akacheka peke yake, akafuta machozi, ndipo akanisomea. Mtoto ni wangu, uchungu wa kumzaa ni wangu, na kicheko chake kinaanza kwa mtu mwingine! Nikasema basi. Nikajifunga leso, nikaenda nyuma ya kanisa, nikakaa benchi la mbele bila kusalimia.

Mwalimu akanipa kipande cha chaki. Hakuniambia karibu, hakuniambia umechelewa.

Alikuwa na ubaya wake darasani. Alichukia mtu kufuta kosa. Ukikosea, neno lilibaki ubaoni alasiri nzima, kila mtu alione, na la sawa liliandikwa chini yake. Mzee mmoja alilalamika, "Mwalimu, sisi si watoto wa kuaibishwa." Akamjibu, "Watoto siwaaibishi, wana muda. Nyinyi hamna." Mzee alinuna, lakini darasa lililofuata alikuja.

Tulipofika mahali pa kusoma maneno mazima, mwaka huo tulikuwa tunakula mbaazi, mbichi mpaka kavu, siku moja aliandika maneno mawili ubaoni, moja juu ya jingine. Akasema, "Mama Mwende, simama usome."

Nikasimama. "I-o-shwe."

"La pili."

"A-o-shwe."

"La kwanza linaosha nini?"

"Kitu," nikasema. "Sahani. Nguo."

"Na la pili?"

"Linaosha mtu."

Akageuka, akaniangalia na yale macho yake makavu. "Mimi siku ile langoni nilisema lipi?"

Yule mzee wa kununa aliangalia miguu yake. Mwalimu hakungoja jibu. Akaandika, polepole, chaki ikilia, sentensi nzima: Hapana. Ioshwe kwanza ama irudi ilikotoka.

"Jembe, Mama Mwende," akasema. "Jembe yako ilikuwa na ndago tatu kwa shingo. Nilizihesabu. Wewe sikukugusa."

Herufi moja. Nilimtupa mtu nje ya mwethya, nikamwondolea darasa, nikamchafulia jina, kwa herufi moja ambayo sikuwa naijua sura yake. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu, ambaye ni wa kwanza darasani na simwambii ili asiharibike, aliniambia, "Susu, jembe ni lioshwe. Si ioshwe." Nikampelekea mwalimu habari hiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo tuligombana kwa sababu ya ngeli!" Nikamwambia, "Wewe ndiye mwalimu, wewe ndiye ulikosea." Akasema, "Andika ubaoni, na usifute."

Siku ile ya ubao sikuomba msamaha. Sina mdomo wa hiyo kazi. Nilienda nyumbani, nikachukua jembe la mama mkwe, nikaliosha kwa kijiti na gunia, shingo, tundu la mpini, kila mahali, mpaka likafanana na siku lilipotoka dukani. Asubuhi nikasimama langoni pake nalo. Alilichukua, akaligeuza, akakwaruza shingo yake kwa ukucha, akanusa ukucha. Kisha akafungua lango.

Baada ya hapo nilipita kwa wanawake wa mwethya mmoja mmoja, nikawaambia nilivyosikia vibaya, na nilivyosema vibaya la kaburi nikijua. Uongo niliusema mara moja kwa mtu mmoja. Ukweli nimeusema mara mia, na bado kuna mama pale sokoni anayevuka barabara akimwona mwalimu. Hilo ni jambo langu mimi, nimelibeba.

Yeye alinifundisha kulisafisha shamba. Hakuwa na haraka hata kidogo, na mimi haraka ndiyo jina langu la pili. "Leo upana wa mkeka mmoja," alisema. Upana wa mkeka, basi, hata kama jua bado liko juu. Udongo uwe na unyevu. Jembe la meno, si la bapa, lisikate uzi. Unainua donge, unalivunja kwa mikono, unaufuata uzi kama unatafuta sindano, unakitoa kijipu na cha pili na cha tatu, unatia kwenye mkebe. Mkebe unamwagwa juu ya mabati mpaka vikauke vitoe sauti ya njuga, ndipo motoni. Kisha pale palipochimbwa unapanda maboga na kunde, karibu karibu, kivuli kifunike udongo, kwa sababu ndago inaogopa kivuli kuliko jembe. Halafu unarudi, na kurudi tena. Jani likichomoza tu unalichimba. Ukiliacha wiki chache, limeshazaa chini.

"Mpaka lini?" nilimwuliza.

"Mpaka uchoke kuuliza."

Shamba langu la juu ni safi sasa, watu hupita wakaliangalia, na mimi hukaa mahali ambapo nitaonekana nikiangaliwa. La chini bado. La chini ndilo lililopita plau, na umri wangu hautoshi.

Lakini usidhani mtu yule alikuwa na chuki moja iliyonyooka. Kando ya mlango wa jiko lake alikuwa na mkebe wa rangi iliyokwisha, na ndani yake, nilipoiona mara ya kwanza nilipiga kelele, ilikuwa ndago. Moja, mbichi, nzuri, imekatiwa majani kama mtoto wa shule. Wakati wa kiangazi aliinywesha vijiko viwili vya maji.

"Mwalimu, umerogwa?"

"Huyo ni mfungwa wangu."

"Mfungwa ananyweshwa maji na kuku wana kiu?"

"Nisipomwona kila siku nitamsahau sura. Wengi wananiambia mashamba yao ni safi, kumbe hawamjui tu."

Aliinusa pia. Aliponda kijipu kimoja kidoleni akaninusisha, na kweli ilinukia vizuri, kama kitu cha harusi. "Unaona?" akasema. "Ana uzuri wake. Lakini hawezi kukaa na mtu." Nilidhani anaongea juu ya mtu fulani.

Mwaka huu ni mwaka wa unga wa pakiti. Kila nyumba inakula kutoka dukani, wajukuu hata hawajui ndengu inachambuliwaje. Mwalimu mguu ulimkataa tangu mwanzo wa mwaka. Anatembea kutoka kitandani mpaka kiti cha plastiki, na kiti anawekewa langoni, kwa sababu hapo ndipo anataka. Jembe hawezi tena. Shamba lake, lile ambalo halijaona ndago tangu watoto wangu walipokuwa na meno ya maziwa, lilikuwa limekaa bila kulimwa, na mvua ya mwezi wa kumi ndiyo mvua yetu. Ikikupita hiyo, umepitwa na mwaka.

Mwanawe anafanya biashara kwenye miji ile ya barabara ya Mombasa. Akanipigia simu. "Mama, nimelipia trekta. Italima kwako chini halafu iende kwake, siku moja. Lakini yeye hanisikii. Wewe anakusikia."

Nikamwambia, "Ilete. Lango nitalifungua mimi."

Nilisema hivyo nikiwa na akili zangu. Mtu wa umri ule atakula nini? Mawingu yalikuwa yamekaa siku mbili juu ya vilima. Nilifikiria mguu wake, nikafikiria unga wa pakiti. Ndago sikuifikiria kabisa, mimi mwanafunzi wake!

Trekta ikaja ikalima kwangu, shamba la chini, kila kitu kikageuka juu chini vizuri. Nikashika njia kwa miguu nikiitangulia mpaka kwa mwalimu. Alikuwa kwenye kiti chake. Beseni lilikuwa pale, na kijiti, na kipande cha gunia.

"Mwalimu," nikamwambia, "mwanao ameleta trekta. Mvua ni kesho kutwa. Kubali tu."

Alikuwa anaangalia nyuma yangu. Nikageuka, na ndipo nikaiona kama anavyoiona yeye: sahani zile za chuma za kulimia zimejaa udongo wangu wa chini mpaka kwenye ekseli, na kwenye udongo majani mafupi yanayong'aa, na nyuzi zinaning'inia, na vijipu vyeusi vimeshikana kama shanga. Vilikuwa vyangu vyote. Plau yangu, miaka ile yote, inabisha hodi kwake.

Dereva, mwanamume mwenye mvi kidevuni, hakuzima injini. "Mama, tufungulieni, nina mashamba mengine Mbumbuni!"

Mwalimu akainua mkono, kiganja mbele. Midomo yake ikatikisika. Mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake nilisikia kidogo tu, na dereva kule juu hakusikia chochote. Aliona mkono, akadhani anapungiwa karibu. Akacheka, akapunga na yeye. Akatia gea.

Mwalimu akanitazama. Si kwa kuomba, hajui kuomba. Alinitazama vile alivyonitazama ubaoni, akingoja nisome.

Nilikuwa nimemwahidi mwanawe. Na tangi langu la maji, ninalolifunga kwa kufuli, lilikuwa nusu, na trekta nzima haioshwi kwa beseni. Hayo yote niliyajua. Nikaenda nikasimama katikati ya njia, mbele ya ile pua ya chuma, nikainua mikono miwili. Dereva akakanyaga breki, akatoa kichwa.

"Nini tena? Nyanya amesema nini?"

Safari hii nilikuwa nimesikia vizuri, na herufi ninazijua. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, nikaitoa ile sauti yangu inayoita mbuzi wa watu, wasikie Tawa, wasikie Mbumbuni, asikie na yule mama wa sokoni anayevuka barabara:

"Hapana. Ioshwe kwanza ama irudi ilikotoka."